Daftari Lililovaa Nguo ya Shambani

Nikimpa mtu daftari nililolijalidi kwa mikono yangu, najua kitakachofuata. Atalipapasa jalada, atalifungua kidogo, atalinusa, atasema "makubwa haya," kisha atalifungia kabatini, na humo halitaandikwa neno hadi Kiyama. Kinara wao ni mama mdogo. Nilipompelekea lake Tanga alinipigia simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Daftari nimelipata, lakini mbona zuri hivi? Mimi niandike madeni ya vitumbua humu? Nimeliweka na vikombe vya wageni."

"Mama, hicho ni kitambaa cha suruali za kulimia."

"Hebu niondokee huko!"

Sikuwa namtania. Kitambaa kilichofunika daftari lake ni kasuri ya Kurume, pamba ya rangi ya nili iliyokoza yenye vidoa vyeupe, inayofumwa mji wa Kurume na vijiji vyake, mkoa wa Fukuoka, kisiwa cha Kyushu, Japani, huku ninakoishi. Wanawake wa vijiji vya bonde la mto Chikugo walikivaa wakipandikiza mpunga, wakichuma chai, wakibeba watoto mgongoni. Kilishonwa monpe, zile suruali pana zinazobanwa kwenye vifundo vya miguu, ambazo wakati wa Vita vya Pili vya Dunia serikali iliwahimiza wanawake wa nchi nzima wazivae. Nguo iliyohimili tope la mpunga, jua na kusuguliwa mtoni haiwezi kushindwa na bolpeni.

Hapo ndipo ninapogombana na wenzangu wengi wanaopenda madaftari ya mkono. Duka likiweka pamba ya Kijapani juu ya jalada, linaiweka pia kwenye kisanduku chenye utepe, na mnunuzi anaelewa kwamba amenunua pambo. Kumbe karibu vitambaa vyote vya pamba vya jadi vya Japani, kasuri ya Kurume, mistari ya Matsusaka, pamba nene ya Aizu, vilikuwa nguo za watu waliokatazwa kuvaa vizuri. Vilifumwa ili vichakae polepole. Daftari ni mahali panapovifaa kwa sababu daftari nalo ni chombo cha kushikwashikwa, kutupwa mkobani, kuwekewa kikombe juu.

Pamba yenyewe Japani ni mgeni aliyechelewa. Kumbukumbu rasmi za utawala zinaeleza kwamba mwaka 799 kijana mmoja alitupwa na bahari pwani ya Mikawa, leo mkoa wa Aichi, akiwa peke yake kwenye chombo kidogo. Alipojifunza lugha ya wenyeji alisema ametoka India, na kwenye mizigo yake zilikutwa mbegu za pamba. Mwaka uliofuata zikagawiwa majimbo kadhaa zipandwe, hazikushika. (Sisi watu wa pwani habari ya mtu kuletwa na bahari na mzigo wake haitushangazi. Kinachonishangaza ni kwamba makarani waliona inafaa kuandikwa.) Ilibidi kungoja karne ya 15 na ya 16 ndipo pamba izoee udongo wa huko. Kabla ya hapo mtu wa kawaida alipambana na theluji akiwa na nguo za nyuzi za magome na mimea, ngumu, zenye kupitisha upepo. Pamba ilipoenea ilikuwa neema, na kila jimbo likatafuta namna yake ya kuifuma.

Namna ya Kurume ilitokana na msichana. Inoue Den alizaliwa mwaka 1788. Akiwa na umri wa miaka 12 au 13 hivi, aliona nguo kuukuu imepauka na kutoa madoa meupe hapa na pale. Mtu mwingine angeona tambara la kufutia sakafu. Yeye aliifumua, akaona kwamba kila uzi una sehemu iliyoshika rangi na sehemu iliyopoteza. Akachukua nyuzi nyeupe, akazifunga kwa uzi mwingine sehemu alizotaka zibaki nyeupe, akazitia kwenye nili, akazifungua, akafuma. Kikatoka kitambaa kama anga ya usiku inayodondosha theluji. Kwa waliokulia kwenye batiki za kufunga hii si ajabu sana, ila tofauti ni kubwa: batiki unafunga nguo iliyokwisha kufumwa. Den alifunga nyuzi kabla hazijawa nguo, kwa hiyo ilimpasa ajue mapema kila doa litaangukia wapi. Ujuzi wa namna hii ulikuwapo India na Indonesia, na jirani zetu Wasakalava wa Madagaska wanao kwa nyuzi za rafia. Lakini Kurume uliingia kupitia tambara lile. Den alifundisha wanafunzi kwa mamia hadi alipofariki mwaka 1869.

Alipotaka kutoka kwenye vidoa na kufuma picha alikwama, na aliyemkwamua alikuwa kijana wa mtaa wake, mtoto wa fundi wa magamba ya kasa. Tanaka Hisashige, aliyezaliwa Kurume mwaka 1799, alikuwa hajafika hata miaka 20. Tayari alikuwa na sifa ya utundu. Akiwa mtoto wa miaka kama 9 alitengeneza kisanduku cha kuwekea jiwe la wino chenye kufuli ya siri, ambacho wenzake walihangaika nacho wasiweze kukifungua. Kwa Den alibuni kifaa cha kuzipanga nyuzi kabla ya kupakwa rangi, na maua na ndege wakaanza kuonekana kwenye nguo za wakulima. Baadaye Tanaka alitengeneza wanasesere wanaorusha mishale, na mwaka 1851 saa yenye nyuso 6. Mwaka 1875 akafungua karakana Ginza, Tokyo, akiwa mzee wa miaka 75. Karakana hiyo ndiyo chimbuko la Toshiba. Kwa hiyo mwenye redio ya Toshiba ya babu yake ana undugu wa mbali na daftari la mama mdogo.

Mimi si mfumaji. Ninachofanya ni kununua vipande. Karakana za Hirokawa, Yame na Chikugo huuza mabaki kwenye vikapu karibu na mlango, na kikapuni ndimo ninamopata vitambaa ambavyo vikiwa jora zima nisingevigusa. Kasuri iliyofuata masharti yote ya kale, yaani nyuzi zimefungwa kwa mkono, rangi ni nili ya asili, na mfumaji amerusha uzi wa mshindio, ule unaopita kwa upana, kwa mkono wake, ilitambuliwa na serikali mwaka 1957 kuwa urithi wa taifa, na bei yake ni ya urithi wa taifa. Inayovaa madaftari mara nyingi ni ile ya mtambo, yenye rangi za kiwandani, na sioni aibu kuisema. Nyuzi zake nazo zimefungwa na kufunguliwa kabla ya kufumwa, kwa mashine za zamani zenye kelele.

Nimeona nili ya asili ikifanya kazi, na sitaki kuipita kimya. Majani yaliyovundikwa yanachachishwa kwenye mitungi iliyozikwa ardhini, na juu ya maji hutanda povu la zambarau. Fundi anachovya shada la nyuzi, analikamua, kisha analibamiza chini kwa nguvu, paa, paa, ili hewa ipenye katikati ya nyuzi. Shada hutoka mtungini na rangi ya kijani iliyochafuka, na mbele ya macho yako linageuka buluu. Kisha linarudi mtungini, tena na tena, hadi buluu iwe karibu na nyeusi. Sehemu zilizofungwa kwa ganda la mmea, gumu kama mkonge, hubaki nyeupe, ila si nyeupe ya kukatwa kwa wembe. Rangi hupenyeza kidogo chini ya kifungo, na wakati wa kufuma nyuzi huteleza kiasi cha unywele. Ndiyo maana kingo za alama za kasuri zimefifia.

Hapo pana siri ya mnunuzi. Ukikutana na daftari linalouzwa kwa jina la kasuri, tazama ukingo wa doa jeupe. Ukiwa mkali kama umechorwa kwa rula, hiyo ni chapa iliyopigwa juu ya kitambaa. Kama muuzaji ana kipande pembeni, kigeuze: kasuri ya kweli ina sura ileile pande zote mbili, kwa sababu rangi iko ndani ya uzi.

Sasa mezani kwangu. Jora la kimono lina urefu wa mita kama 12 na upana wa sentimita 37 au 38. Upana huo ni mdogo kwa sababu ndio mwanadamu aliyeketi anaoweza kuufikia akipokezana uzi mkono wa kulia na wa kushoto. Daftari la A5 likifunuliwa, ukihesabu kadibodi mbili, mgongo, na sentimita moja na nusu ya kukunjia ndani kila upande, linakula sentimita 35 na nusu. Linaenea kwenye upana wa jora kama vile lilipimwa humo, na pindo la mfumaji linabaki mikononi mwangu. Kimo chake kinakula sentimita 25 hivi. Jora zima basi lingetoa madaftari 48, na uzi wa mtande, ule wa kwenda urefu, ungekwenda sambamba na mgongo wa kila moja, jambo ambalo wajalidi wanalitaka, maana mtande umevutwa kwa nguvu na hauleti mikunjo jalada linapofunguliwa.

Kitambaa kitupu hakibandikwi juu ya kadibodi. Gundi hupenya kati ya nyuzi, ikikauka inaacha mabaka yanayong'aa ambayo hayatoki. Kwanza lazima kivishwe karatasi mgongoni. Nakilaza kifudifudi mezani, nakinyunyizia maji, na kwa ncha za vidole nazinyoosha nyuzi moja kwa moja mpaka mistari ya mshindio iwe sawa na ukingo wa meza. Kwa kitambaa cha rangi moja unaweza kulegea. Kwa kasuri huwezi, maana alama zikilala mshazari jicho litaziona kila siku. Kisha napika wanga wa ngano uwe uji mwepesi, nauchuja, naupaka kwenye karatasi ya mkono. Natumia karatasi ya Yame, mji unaotengeneza karatasi tangu mwishoni mwa karne ya 16, kwa sababu nyuzi zake ni ndefu na haichaniki ikilowa. Hapo ndipo roho inaruka: karatasi iliyolowa uji, nyembamba kiasi cha kuona meza upande wa pili, unainyanyua kwa rula na kuishusha juu ya kitambaa bila hewa kuingia. Brashi pana na kavu inaanzia katikati kwenda pembeni. Baada ya hapo kitambaa kinabandikwa kingo zake kwenye ubao na kuachwa kikauke. Kikikauka hujivuta na kulia kama ngozi ya ngoma ukikigonga kwa kidole. Unakibandua kwa kijiti cha mwanzi, na sasa una kitu kinachokatika kama karatasi na kukunjika kama nguo.

Kilichobaki ni kazi ya kawaida: mafungu ya karatasi, msharasi, sindano, uzi wenye nta, gundi kwenye mgongo, uzito wa juu. Uamuzi pekee unaonichelewesha ni wapi alama iangukie. Kuna wajalidi wanaoiweka katikati kabisa ya jalada. Mimi naona hapo inakuwa nembo ya kampuni. Napenda ikatwe na ukingo, nusu yake iende nyuma, ijulikane kwamba jalada ni kipande cha nguo ndefu.

Nikichoka na vidoa narudi kwenye mistari, na mistari ina siasa yake. Enzi za Edo, kati ya 1603 na 1868, watawala walitoa amri baada ya amri kuwazuia wakulima na wafanyabiashara kuvaa hariri na rangi za fahari. Watu wakatii kwa namna yao. Matsusaka, katika mkoa wa leo wa Mie, walifuma pamba ya nili yenye mistari myembamba sana, ambayo askari akiitazama kutoka ng'ambo ya barabara ataona nguo ya rangi moja, ya mtu mnyenyekevu. Ukiwa karibu ndipo unaona uzi mweupe mmoja, nyeusi mbili, samawati mmoja. Vijana wa mji wa Edo, Tokyo ya leo, waliipenda, na wafanyabiashara wa Matsusaka wakatajirika. Mmoja wao, Mitsui Takatoshi, alifungua duka la vitambaa Edo mwaka 1673 lililokuja kuzaa maduka ya Mitsukoshi. Mwingine, Ozu Seizaemon, alianza na duka la karatasi mwaka 1653, kisha nyumba yake ikaongeza biashara ya pamba. Duka lake la karatasi lipo hadi leo mtaa wa Nihonbashi, Tokyo. Karatasi na pamba chini ya paa moja. Mjalidi gani asiyependa kusikia hivyo?

Lakini daftari linalonifurahisha kuliko yote halikuwa na jalada la kitambaa. Lilikuwa na kitambaa ndani. Familia za wafumaji zilikuwa na kitabu cha mistari: kila walipofuma mpangilio mpya, au walipoona kwa jirani kipande kizuri wakaomba kidogo, walikata kijipande kidogo na kukibandika kwenye ukurasa. Karatasi yenyewe mara nyingi ilikuwa ya zamani, mabuku ya hesabu yaliyojaa, upande wa nyuma. Kwa hiyo unafungua ukurasa na kukuta mistari ya nili imebandikwa, na chini yake wino wa deni la mchele la mtu aliyekufa zamani unapenya kutoka upande wa pili. Mama alimwachia binti au mkwe, naye akaendeleza. Makumbusho kadhaa yanavyo vitabu hivyo, na nikivitazama kwenye kioo nasikia wivu. Hakuna aliyevionea huruma. Vimechafuka, vimevimba kwa gundi, kingo zimeliwa na wadudu. Vilikuwa vya kazi.

Aizu ni habari nyingine, ya baridi. Ni bonde la milima magharibi mwa mkoa wa Fukushima, mahali ambapo pamba haikustahili kuota. Mtawala Gamo Ujisato aliihimiza mwishoni mwa karne ya 16, na Kato Yoshiaki alipohamishiwa huko mwaka 1627 kutoka Iyo, kusini, alikuja na wafumaji. Kitambaa chake ni kinene, nyuzi zinatiwa wanga kabla ya kufumwa, mistari yake ni mipana na ya wazi. Kwa daftari la mfukoni sijaona kinachokishinda. Mji wa Okuma, ambao sehemu ya kituo cha nyuklia kilicholipuka mwaka 2011 imo ndani yake, ulihamishia ofisi zake Aizuwakamatsu, na baadhi ya akina mama waliohamishwa walishika sindano wakashona dubu wadogo wa kitambaa hiki cha wenyeji wao. Nadhani walikiona kama kilivyo, nguo ya kupitia majira mabaya.

Aizu na Kurume wote bado wanafumia mitambo ya Toyoda, ya chuma cheusi, ya karibu miaka mia, inayotingisha sakafu nzima. Toyoda Sakichi, mtoto wa seremala, alisajili kitanda chake cha kwanza cha kufumia mwaka 1891. Mwaka 1924 akatoa mtambo uliojibadilishia uzi bila kusimama na kujizima wenyewe uzi wa mtande ukikatika. Ndani ya kampuni hiyo ya mitambo ya nguo, mwanawe Kiichiro alianzisha idara ya magari, na mwaka 1937 ikawa Toyota tunayoijua. Ukiwa umebanwa kwenye Hiace ya Mbagala, watu wanne kwenye kiti cha watatu, unasafirishwa na ukoo wa wafumaji. Vipuri vya mitambo ile havitengenezwi tena. Karakana ikifungwa, nyingine huja kuchukua mitambo na kuichinja kwa vipuri.

Wajapani hawakutufumia kasuri sisi. Walitupigia chapa kanga. Kabla ya vita na miongo kadhaa baadaye, viwanda vya huko vilitengeneza kanga kwa soko la Afrika Mashariki, wafanyabiashara wa Mombasa wakituma michoro na majina. Bibi zetu wengi walijifunga Japani kiunoni bila kuambiwa. Nimewahi kuulizwa kwa nini nisijalidi kwa kanga. Nimejalidi, na inapendeza, lakini ni nyepesi, na maneno yake hayataki kukatwa.

Anayetaka kununua au kutengeneza la kwake ajue mambo mawili. Nili mpya hutoa rangi mikononi siku za mwanzo, hasa ukiwa na jasho, kwa hiyo usiliweke juu ya shati jeupe. Na kona ndizo zitakazopauka kwanza, kwa sababu nili hukaa zaidi juu ya uzi kuliko ndani ya kiini chake. Usilioshe. Futa kwa kitambaa chenye unyevu, liache kivulini. Jalada likichakaa kabisa, linabanduliwa na kuvishwa jingine bila kugusa kurasa, maana wanga wa ngano ukilowa huachia.

Kazi hiyo ya kuvisha upya huwa siipati mara nyingi. Wiki hii ninayo moja. Fundi baiskeli wa mtaani kwetu amenirudishia lake la mistari ya Aizu, kurasa zimejaa vipimo vya matairi na namba za simu, jalada la mbele limelowa grisi hadi mistari haionekani. Hakuomba lisafishwe. Ameomba la pili, liwe dogo zaidi liingie mfuko wa nyuma, na mistari iwe myeusi kwa myeusi, ili grisi isimpigie kelele mkewe.